Seneta hakukimbia urais, anauwania

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa habari za nje ulitueleza kwamba seneta mmoja wa Marekani "anakimbia urais". Katika Kiswahili ninachokijua mimi, aliyekimbia deni hataki kulipa, aliyekimbia mke amemtelekeza, na aliyekimbia nchi yake yuko uhamishoni. Nikadhani basi urais umemshinda. Aya ya pili ikasema anazunguka akichangisha fedha za kampeni, ndipo nikaelewa: mfasiri aliona "run", akaandika "kimbia", akaenda zake kunywa chai.

Simlaumu peke yake. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na madaftari nayaona kila siku. Mstari umepigwa katikati ya ukurasa, kushoto "run", kulia "kimbia", tiki nyekundu, tumemaliza. Mtoto huyo akifika sekondari, ambako hapa Tanzania fizikia inafundishwa kwa Kiingereza, anakutana na injini "inayokimbia" huku gari limeegeshwa. Mmoja aliniandikia kwenye mtihani kwamba mgonjwa wa mafua pua yake inakimbia. Nilicheka, kisha nikajiuliza nani alimwambia vingine.

Neno lenyewe si dogo hata kidogo. Kamusi kuu ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, ilikuwa na maelezo marefu kuliko yote kwenye neno "set". Wahariri walipoipitia upya, "run" likaja kushika nafasi hiyo: kama kitenzi tu, limehesabiwa maana 645. Mhariri aliyelishughulikia, Peter Gilliver, lilimchukua takriban miezi tisa. Sababu mojawapo inayotajwa ni mashine. Waingereza walipoingia katika enzi ya injini za mvuke na reli, na baadaye kompyuta, vitu hivyo vyote vikifanya kazi walisema vina-"run".

Sisi kazi hiyo tulimpa "enda". Saa inakwenda, mashine inakwenda, mambo yanakwenda. Ukiongeza mnyambuliko unapata "endesha": gari, duka, kikao, programu ya kompyuta, vyote vinaendeshwa. Hata mwenye kuharisha tunasema anaendesha, na Kiingereza cha huku kwetu nacho kinamwita mtu wa "running stomach". Kwa maoni yangu, mwalimu angeanzia hapo, kwenye "endesha", mbio aziache kwanza.

Nawasikia wanaosema Kiswahili ni maskini kwa kuwa neno moja la Kiingereza linatuhitaji maneno kumi. Mbona sioni umaskini? Pale Mwingereza anaposema "run" kwa yote, sisi sukari inatuishia, maji yanatiririka, kanga mpya ikilowekwa inachuja rangi, mtu anagongwa na gari, kisukari kimo katika ukoo. Kila jambo lina kitenzi chake, na msikilizaji habahatishi. Mwingereza analishika "run" lake na kulibandika "into", "out" au "over" ili maana igeuke. Sisi mara nyingi tunageuza mkia wa kitenzi: kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Watu wakiogopa benki itafilisika na kwenda kwa pamoja kutoa akiba zao, Mwingereza huita "run" vilevile, na hapo "kukimbilia benki" inakaa sawa kabisa. Sikusema "kimbia" lifukuzwe.

Tena kazi hii tulishaifanya vizuri huko nyuma. "Running mate" tunamwita mgombea mwenza, katika sheria zetu za uchaguzi na hata vijiweni. Sijawahi kumsikia mtu akisema mkimbiaji mwenza, na aliyelitafsiri namna hiyo mwanzoni hakuhitaji kompyuta.

Ombi langu kwa dawati lenu la habari za nje ni dogo. Kabla habari haijaenda kiwandani, asomewe kwa sauti mtu ambaye hajaiona ile ya Kiingereza. Akikunja uso, irudi kwa mfasiri. Na kwa kuwa toleo la Jumapili mna kisanduku cha masahihisho, naomba mmwandike seneta yule kuwa anawania urais. Nimeshaulizwa darasani anakimbia nini.

Mwalimu wa Kiingereza,
Korogwe, Tanga