Bima ya mafuriko: tuanze na waliokwisha kujenga

Ndugu Mhariri,

Mwaka huu nilijaribu kukatia bima nyumba yangu ya Mabatini, hapa Mwanza, pamoja na fremu ya mbele ambamo mke wangu anashona. Wakala alikuja, binti mstaarabu, akapiga picha paa, milango na mita ya umeme. Alipoingia penye cherehani akaona mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya soketi.

"Mzee, haya maji ni ya mwaka gani?"

"Chagua mwenyewe, mwanangu."

Alicheka, lakini simu akairudisha mkobani. Siku tatu baadaye nikapigiwa: moto sawa, wizi sawa, mafuriko hayamo.

Simlaumu. Bima inakwenda kwa hesabu kwamba wengi watalipa na wachache watadai. Sisi wa kando ya Mto Mirongo mvua ikichachamaa tunadai wote, tena siku moja. Milima yetu ni majabali, maji hayana pa kuzama, yanateremka na taka zote za huko juu na kuziba penye daraja. Walio ufukweni nao wana yao: mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufikia rekodi ya 1964, na 2024 likapanda tena, likawafuata watu majumbani. Kampuni gani ya biashara itajipeleka hapo kwa hiari?

Ndiyo maana nasema Serikali iweke bima ya kimbilio la mwisho, kwa nyumba ambazo soko limezikataa. Si jambo geni kwetu. Kwenye kilimo, kampuni za bima tayari zimeungana katika konsotia ili hasara ya ukame isimwangukie mmoja. Kwenye mafuta na gesi pia. Mwenye kisima cha gesi amepata wa kugawana naye hatari. Mwenye vyumba vitatu Mabatini bado anasubiri michango ya maafa, blanketi na unga. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 lilituonyesha michango inaishia wapi pale nyumba zinapolala chini kwa maelfu.

Fedha zitatoka wapi? Kodi ya jengo tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU tangu 2021 (na mara nyingi anayekatwa ni mpangaji, lakini hilo lina barua yake). Makato hayo hayajawahi kuuliza kama nyumba iko bondeni. Sehemu yake ikiingia kwenye mfuko wa mafuriko, kampuni zote zikachangia kidogo kutoka kwenye bima za nyumba wanazouza Capri Point na kwingineko, na sisi wenyewe tukalipa ada inayobebeka, mfuko utakuwa na pa kuanzia.

Sasa nije kwenye sehemu itakayonigombanisha na majirani.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita sitini kutoka kwenye mto au ziwa. Nyumba yangu imo ndani ya mita hizo, sifichi. Niliijenga 1991. Bima ya Serikali ikimpokea kila mtu, aliyejenga kabla ya katazo na atakayejenga kesho, itageuka tangazo la kuuza viwanja vya bondeni. Marekani yaliwakuta. Mpango wao wa taifa wa bima ya mafuriko, ulioanzishwa 1968, ulitoza nyumba nyingi za hatarini ada ndogo kuliko hatari yenyewe. Ziko zilizolipwa fidia mara mbili, mara tatu, na kujengwa palepale. Mwaka 2017 Bunge lao lilifuta dola bilioni 16 za deni la mpango huo, na bado ukabaki unadaiwa zaidi ya bilioni 20.

Waingereza walikuwa wakali zaidi. Mfuko wao wa Flood Re, ulioanza 2016, unachangiwa na kampuni zote za bima ya nyumba, lakini nyumba iliyojengwa kuanzia 2009 haimo. Tena wameuwekea mwisho, 2039, ili watu wapate muda wa kuinua nyumba zao au kuhama.

Na sisi tuweke tarehe. Aliyekuwepo kabla ya hapo, akionyesha leseni ya makazi au hata barua ya mtaa, alindwe. Akilipwa mara moja, fidia ya pili iwe ya kuhamia tu, si ya kurudishia ukuta uleule. Mimi mwenyewe nikiwemo.

Wiki iliyopita, nyuma ya nyumba yangu, upande wa mto, nimeona msingi mpya unachimbwa. Kokoto zimeshamwagwa, mafundi wapo. Mwenyewe tunasali pamoja, na akisoma hapa atajua ninayemsema. Huyo asikatiwe bima.

Mwenye nyumba,
Mabatini, Mwanza