Vijana wanalipishwa kuchapisha utafiti wakati msamaha wa ada upo

Mhariri, salamu toka Tanga. Naomba nafasi niseme na vyuo vyetu na walimu wanaosimamia vijana wa masta na PhD, maana hili jambo linaniuma sana.

Saivi kijana anaambiwa bila makala kwenye jarida humalizi chuo, sawa, lakini nani anamkalisha chini amwonyeshe lipi jarida na lipi duka? Anakuja huku Mkinga, anakaa na akina mama wanaolima mwani, bahari ikipwa anashuka nao kupima joto la maji na kuhesabu kamba ambazo mwani umeoza, kazi ya maana kabisa. Halafu inaingia imeili inamwita profesa mashuhuri na kumuahidi makala itatoka wiki hiyohiyo. Mpwa wangu alitumiwa hiyo, akakopa akalipa dola, makala ikatoka na makosa yake yote kwenye majedwali, yaani hakuna mtaalamu hata mmoja aliyeipitia. Na hasara haiishii kwenye hela, kwasababu kazi ikishatoka kwenye jarida uchwara huwezi tena kuipeleka kwenye jarida la kweli, watakwambia ishachapishwa, na wale ukiwaomba waiondoe wanaweza kukudai hela nyingine ya kuiondoa! Basi data za mwani wetu ndo zimezikwa hapo.

Tatizo watu wanaamini jarida la maana lazima ulipie. Kweli yapo ya bei ya kutisha, jarida la sayansi la Nature mwaka 2020 walitangaza yuro 9,500 kwa mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure na kila mtu, hela ambayo hapa Tanga unanunua kiwanja na kuanza kujenga. Lakini Tanzania ipo kundi A, yaani la nchi zenye uwezo mdogo zaidi, la Research4Life, mpango wa kimataifa wa kuzisaidia nchi kama yetu kupata majarida ya utafiti, na wapo wachapishaji wakubwa, Elsevier mmojawapo, ambao wana utaratibu wa kusamehe ada kwenye majarida yao ya wazi, yaani yanayosomwa bure, kwa waandishi wa nchi za kundi hilo. Wengine wanafuata orodha ya Benki ya Dunia, na tangu 2020 tulipoingizwa kipato cha kati cha chini baadhi ya hao wanatupunguzia nusu tu, ndo maana lazima usome masharti ya kila mmoja na uombe unapowasilisha, usisubiri mpaka makala ikubaliwe maana wengi hapo hawasikilizi tena. Na majarida ambayo msomaji ndo analipia mara nyingi hayamdai mwandishi hata senti.

Kwa mambo ya bahari kuna jarida la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, wako hapo Zanzibar tu, linasomwa bure na watafiti wa pwani hii wanalijua. ISSN, ile namba ya utambulisho wa jarida, isikudanganye, hata uchwara wanayo, afadhali uangalie kama jarida limo DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa.

Sasa walimu, jamani, jina lenu linawekwa kwenye makala ya mwanafunzi, basi kaeni nae mchague jarida pamoja kabla hajatuma popote, na barua ya kuomba msamaha wa ada iandikeni pamoja. Wakutubi nao wapewe siku ya kuwafundisha haya wanafunzi kabla hawajaenda kukusanya data. Na vyuo mnapopandisha watu vyeo someni hizo makala zenyewe, msihesabu idadi tu, maana hapo ndo haya maduka yanapopatia wateja.

Mkazi wa Makorora,
Tanga