Darubini janja: ushauri wa watu wa kaskazini usitupotoshe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie darubini janja, hizi ndogo zinazojitafutia nyota zenyewe na kutuma picha kwenye simu. Ushauri mwingi unaomfikia mnunuzi wetu umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na kwa mbingu za kwao ni ushauri mzuri. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tukiufuata kama ulivyo, tutanunua kifaa kisichotufaa au tutakitumia vibaya. Anga letu linazunguka kwa namna yake.

Kifaa chenyewe hakina mahali pa kuchungulia kwa jicho. Ndani mna lenzi, sensa kama ya kamera, mota mbili na kompyuta ndogo. Ukichagua kwenye simu unachotaka kupiga, darubini inapiga picha ya anga, inalinganisha mpangilio wa nyota na ramani iliyohifadhiwa ndani yake, inajua inatazama wapi, kisha inajisogeza mpaka ilenge. Baada ya hapo inapiga picha fupi fupi, kwa kawaida za sekunde 10, na kuzirundika moja juu ya nyingine. Chenga hupungua kadiri rundo linavyokua, lakini si kwa kasi ambayo wengi hudhani: ukitaka picha iwe safi mara mbili, unahitaji muda mara nne. Baada ya dakika 10, hatua ya maana inayofuata ni dakika 40. Anayezima baada ya dakika 20 na kusema kifaa hakina lolote hajakitendea haki.

Kwa anayeanza, nazungumzia tatu: Seestar S50, Seestar S30 na Dwarf 3. Zote huuzwa nje kwa kati ya dola 350 na 600 za Marekani hivi, kabla ya usafiri na ushuru. S50 ina lenzi ya kipenyo cha milimita 50 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mahali picha inapokusanyika) wa milimita 250, na uzito wa kilo 2.5. S30 ni milimita 30 kwa 150, kilo 1.65. Dwarf 3 ni milimita 35 kwa 150, kilo 1.3. Seestar zote mbili zina sensa ya pikseli 1,920 kwa 1,080. Dwarf 3 ina 3,840 kwa 2,160.

Matangazo yanapenda kutaja pikseli. Kitu cha kuuliza kwanza ni upana wa anga unaoingia kwenye picha moja. S50 inaona digrii 1.3 kwa 0.7, S30 digrii 2.1 kwa 1.2, na Dwarf 3 digrii 2.9 kwa 1.65. Kwa eneo, Dwarf 3 inameza anga karibu mara tano ya S50. Mwezi una upana wa nusu digrii, kwa hiyo unaingia kwenye zote. Nebula ya Carina, wingu la gesi na vumbi angani, fahari ya anga letu la kusini ambayo watu wa London hawaioni kabisa, ina upana wa digrii 2 hivi. S50 itakupa kipande chake tu, au itakulazimu kuunga picha kadhaa na kutumia muda mwingi zaidi.

Wapo wanaosema lenzi ya milimita 50 lazima itoe nebula ang'avu kuliko ya 30, maana inakusanya mwanga mara 2.8. Kwa nyota mojamoja ni kweli. Kwa nebula, ambayo ni mwanga uliotandazwa, si kweli. S50 na S30 zote zina uwiano wa f/5 (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha lenzi) na pikseli zenye ukubwa uleule, kwa hiyo kila pikseli inapata mwanga uleule wa nebula. Faida ya S50 ni kwamba inavikuza vitu zaidi na kuonyesha undani zaidi. Dwarf 3 ina f/4.3, lakini pikseli zake ni ndogo, kila moja inapata kama asilimia 64 ya mwanga wa pikseli ya S50. Ndiyo sababu picha yake ukiikuza inaonekana na chenga. Ipunguze ukubwa kwa nusu na chenga nyingi zinaondoka.

Kama unataka pete za Zohali au mistari ya Mshtarii, usinunue hata moja kati ya hizi. Mshtarii ikiwa karibu nasi ina upana wa sekunde 45 za tao hivi (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na kwenye S50 hiyo ni duara la pikseli 19. Kwa sayari, darubini ya kawaida ya kioo cha milimita 150, ya kutazama kwa jicho, itakupa raha ambayo hizi haziwezi.

Sasa nije kwenye mzunguko, jambo ambalo ushauri wa kaskazini unatuacha gizani. Darubini hizi zimesimama wima. Zinafuata nyota kwa kupanda juu na kugeuka kando. Nyota inabaki katikati, lakini picha nzima inajizungusha taratibu kuizunguka katikati hiyo. Programu huinyoosha kila picha kabla ya kuirundika, ila haiwezi kunyoosha kilichozunguka ndani ya picha moja. Nyota za pembeni zinakuwa vistari badala ya vidoti. Kasi ya mzunguko huo unaweza kuipiga hesabu mwenyewe: digrii 15 kwa saa, zidisha kwa kosaini ya latitudo yako, zidisha kwa kosaini ya upande uliolenga ukihesabu digrii kutoka kaskazini, kisha gawanya kwa kosaini ya kimo cha nyota juu ya upeo.

Karibu na ikweta kosaini ya latitudo ni karibu 1, kwa hiyo ukilenga kusini au kaskazini mzunguko unakuwa mkali kuliko wa Ulaya. Lakini ukilenga mashariki au magharibi barabara, unakaribia sifuri. Chukua Nebula ya Orion. Ukiwa Dar es Salaam, katikati ya Desemba, saa 3 usiku iko mashariki kwa kimo cha digrii 40 hivi, na picha inazunguka nusu digrii tu kwa saa nzima. Mtu aliye latitudo 50 anaipiga nebula hiyohiyo ikiwa imefika juu kabisa kwake na mzunguko unakaribia digrii 12 kwa saa. Wewe wa Dar es Salaam unaweza kuweka sekunde 30 kwa kila picha bila hofu, kwa zaidi ya saa mbili. Acha ikifika digrii 80, kwa sababu Orion inapita karibu na utosi wa anga, juu ya kichwa chako, na mota ya kugeuka kando haiwezi kuikimbiza.

Tofauti inaonekana zaidi kwenye Nebula ya Lagoon, inayofaa kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba. Katikati ya Julai saa 2 usiku iko kusini-mashariki, kimo cha digrii 45, na mzunguko ni kama digrii 10 kwa saa. Subiri mpaka saa 5 usiku, imepanda hadi digrii 72 upande wa kusini, na mzunguko unaruka hadi karibu 49. Kwa picha ya sekunde 30, nyota ya kwenye kona ya S50 itaburutwa pikseli 8. Kwa sekunde 10 ni pikseli 2 na nusu. Vitabu vinasema ngoja kitu kifike juu kabisa ndipo upige. Huku kwetu, kipige kikiwa kati ya digrii 30 na 60, upande wa mashariki kikipanda au magharibi kikishuka.

Kilimia nacho ni vivyo hivyo. Katikati ya Novemba saa 3 usiku kipo kaskazini-mashariki, kimo cha digrii 30, na mzunguko ni digrii 9 kwa saa. Kikifika juu kabisa ni 29. Nyota zake kuu zimetawanyika kwa karibu digrii 1, na ukungu wa buluu unaozizunguka unaenda mbali zaidi. S50 inaubana, S30 na Dwarf 3 zinauachia nafasi. Ukikipiga Kilimia, toa kile kichujio cha bendi mbili kilichomo ndani ya darubini. Kichujio hicho kinapitisha mwanga wa haidrojeni na oksijeni tu, na kinasaidia sana mjini kwa nebula za Orion, Lagoon na Carina. Ukungu wa Kilimia ni mwanga wa nyota ulioakisiwa na vumbi; kichujio kitaufuta pamoja na mwanga wa taa za barabarani. Galaksi nazo hazikitaki.

Utasikia pia kwamba suluhisho la mzunguko ni kuinamisha darubini ili mhimili wake uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Kwa latitudo 50 darubini inalala kwa digrii 40. Dar es Salaam itabidi ilale kwa digrii 83, Nairobi karibu 89. Maana yake kilo 2.5 zinaning'inia kando ya stendi, kichwa cha stendi kinateleza polepole bila wewe kuona, na upepo kidogo tu unaibwaga. Nyota ya Kaskazini ya kulengea nayo Dar es Salaam haionekani. Asiyeweza kuacha ajaribu na atafute kichwa cha stendi chenye gia, aelekeze mguu mmoja upande uleule inakolala darubini, na afunge mfuko wa mchanga katikati ya stendi. Mimi namshauri anayeanza asihangaike. Achague vitu vya mashariki na magharibi.

Makosa yanayowakwamisha watu usiku wa kwanza mara nyingi ni madogo. Seestar inataka iwashwe rasmi mara ya kwanza kwa simu yenye intaneti, kwa hiyo fanya hivyo nyumbani kabla ya kwenda shamba. Washa huduma ya mahali kwenye simu, la sivyo darubini haijui iko wapi duniani na italenga pasipo na kitu. Zima data ya simu, kwa sababu simu nyingi zikiona waifai ya darubini haina intaneti zinaikimbia. Sawazisha stendi mpaka programu ikubali. Usiweke darubini juu ya paa la zege lenye nondo, karibu na gari au ukuta wa mabati wakati wa kurekebisha dira, chuma kinaipotosha. Ufukweni, weka kigae chini ya kila mguu, maana mchanga unazama kidogo kidogo na picha zinakataliwa moja baada ya nyingine.

Umande wa pwani ni adui wa kweli. Picha ikianza kupoteza ung'avu taratibu huku anga ni safi, lenzi imeshika ukungu. Washa kipasha-lenzi cha Seestar mapema kabla haujaingia, na uwe na pawabenki kwa sababu kinakula betri. Usifute lenzi kwa shati. Chumvi iliyokauka inakwaruza.

Kuhusu zile za bei ya juu, Vespera kutoka Ufaransa ni nzuri, lakini Vespera II nayo ina lenzi ya milimita 50. Celestron Origin ina milimita 152 na inakusanya mwanga haraka sana, ila ni dola kama 4,000 na karibu kilo 19. Si za kuanzia. Mimi kwa mtu wa pwani au wa maziwa makuu ningesema S30 au Dwarf 3, na S50 kwa anayependa mwezi na vishada vya nyota kama Omega Centauri, ambacho S50 inakijaza picha vizuri mno.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Gazeti likiandika habari za vifaa hivi, litaje upana wa anga kwa digrii badala ya pikseli peke yake. Na kwa kuwa tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, kikamilifu Jeddah na Makkah na kwa sehemu kwetu, tuwakumbushe wasomaji mapema: kichujio cha jua kinafungwa mbele ya lenzi kabla darubini haijageuzwa kuelekea jua. Vichujio vilivyo ndani ya darubini haviikingi sensa, na lenzi ya milimita 50 inalikusanya jua lote kwenye kidoti kimoja kidogo.

Wako,
Mpiga picha za anga,
Dar es Salaam