Wauza taa za matangi ya samaki waseme lumeni, si wati

Mhariri,

Ulizia taa ya tangi lenye mimea katika maduka ya samaki wa mapambo hapa Nairobi, na mara nyingi utatajiwa wati tu. Wati ni stima inayoliwa na taa. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na hizo ndizo zinazopaswa kuandikwa kwenye boksi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 hubeba lita 65 hivi. Mimea isiyodeka, kama anubiasi na valisneria, hutosheka na lumeni 20 kwa lita, yaani 1,300. Rangi ya mwanga iwe karibu kelvini 6,500, yaani nyeupe kama ya mchana. Taa za buluu tupu waachiwe wafugao matumbawe.

Ukizidisha mwanga bila kuongeza kabonidayoksaidi, anayeshiba ni mwani. Kuwasha taa kwa muda wa saa sita hadi nane kila siku kunatosha, na tangi lisikae dirishani, maana jua halifuati ratiba yako.

Wengine hununua ukanda wa LED wa volti 12 kule Luthuli Avenue wakajiungia wenyewe. Si vibaya. Chukua ukanda wa wati 14.4 kwa mita, ukate vipande viwili vya sentimita 55, penye alama za mkasi pekee. Hizo ni wati 16, ampia 1.3, hivyo adapta iwe ya ampia 2. Ya ampia 1 itachemka, taa zianze kumemeta, kisha ife. Chanya za vipande vyote viwili ziende kwenye chanya ya adapta, hasi kwenye hasi. Ukiviunga kwa mfuatano, hasi ya kimoja kwenye chanya ya kingine, kila kimoja kitapata volti 6 na hakitawaka. Hapo ndipo watu hurudi dukani kugombana bure.

Bandika ukanda kwenye bapa la alumini ili joto lipate pa kutokea. Ncha zilizokatwa zizibwe, kwa kuwa mvuke wa tangi huingilia hapo, lakini si kwa silikoni inayonuka siki: asidi yake hula shaba mpaka igeuke kijani.

Upande wa volti 240 hauna mzaha. Adapta isikae juu ya tangi. Waya uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande kwenye plagi, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni. Plagi nyingi huja na fyuzi ya ampia 13. Weka ya ampia 3. Fundi naye afunge swichi inayokata stima ikivuja miliampia 30.

Taima ya kuzungusha husimama stima ikipotea. Ikipotea kwa saa tatu, taa za saa nane mchana zitawaka saa kumi na moja, na zitaendelea hivyo kila siku hadi mtu agundue. Ya dijitali yenye betri ndani haipotezi saa.

Wapenzi wa mimea ya majini,
Nairobi