Risala ya Klabu ya Mimea kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wetu, shikamooni, na wanafunzi wenzetu mambo vipi. Mgeni wetu karibu sana na pole na foleni ya Mandela.

Mwaka huu klabu tumehangaika na ndago na ndugu zake. Watu wanayaita majani tu, ila ukizungusha bua kwenye vidole unalisikia lina pembe tatu. Ukoo huu una spishi kama 5,500 duniani, mafunjo nayo yamo humohumo.

Sasa ugomvi ulianzia bustanini, kuna kimmea kina kichwa cheupe cha mviringo, wengine wakasema ni wa jenasi (yaani kundi la spishi zinazokaribiana) ya Kyllinga wengine ya Cyperus, kila mtu na kitabu chake, kelele mpaka ofisini tukaambiwa tunyamaze. Kumbe vitabu vyote vilikuwa na hoja. Zamani Kyllinga ilijitegemea sababu ua lake lina stigma (vijinyuzi vya kupokea chavua) mbili na kambegu bapa, wakati Cyperus nyingi zina stigma tatu na mbegu ya pembe tatu. Halafu miaka ya 2010 wataalamu wakalinganisha DNA wakakuta Kyllinga imekaa katikati ya Cyperus kabisa, basi ikaingizwa humo, Kyllinga brevifolia ikawa Cyperus brevifolius, hadi mkia wa jina ukabadilika kufuata Kilatini. Wapo ambao bado wanatumia jina la zamani, na jamani ukiwa shambani na lenzi, jina hilo la zamani linakusaidia zaidi, ndo maana kwenye lebo zetu tunaandika yote mawili.

Mambo haya ya majina yana sheria zake hayaendi kwa ukubwa wa sauti. Hesabu inaanzia kitabu cha 1753 cha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, jina lililotangulia kuchapishwa kwa utaratibu ndo linashinda, na jina la spishi linashikiliwa na sampuli iliyokaushwa. Sampuli nyingi za huku kwetu enzi za Mjerumani zilipelekwa Berlin, zikaungua kwa mabomu 1943, kwahiyo wataalamu inabidi watafute nakala zilizosalia kwingine au wateue sampuli mpya, na wakati huo ubishi unaendelea tu.

Mgeni rasmi, tunaomba kabati la chuma ambalo mende hawaingii, lenzi za mkono hata kumi, na utushike mkono tupate ruhusa ya kwenda hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu pale Mlimani, maana kimmea chetu jenasi tumeshakubaliana ila spishi bado tumeweka alama ya kuuliza.

Tunaomba kuwasilisha.