Shangazi, mwani wanaula kweli

Shangazi, shikamoo.

Uliniuliza kwenye simu kama Wajapani wanaula kweli mwani au ni maneno ya wanunuzi tu. Nakujibu hapa hadharani, maana najua ubishi huo umeenea pwani nzima ya Paje, Unguja, na wakulima wenzako wa mwani nao wanasubiri.

Wanaula, tena kila siku. Nimekwenda kuuona Hakodate, mji wa bandari kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Hokkaido. Kutoka Sapporo, mji mkuu wa kisiwa hicho, ni kama saa tatu na nusu au zaidi kwa treni. Wao mwani wao ni kombu: majani mapana ya rangi ya kahawia, marefu kupita kimo cha mtu, yanayopenda maji ya baridi. Ulio bora hutoka Minamikayabe, pwani ya wavuvi iliyounganishwa na Hakodate mwaka 2004. Zamani meli za biashara ziliubeba hadi Osaka, na mpaka leo wapishi wa huko wanauheshimu. Wanauloweka, wanaupasha moto taratibu, wanautoa kabla maji hayajachemka. Maji yanayobaki ndiyo msingi wa supu. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda aligundua kwamba utamu wa supu hiyo unatokana na glutamati, kemikali ya asili iliyomo kwenye kombu. Wetu mnaoufunga kwenye kamba unaishia viwandani, ukawa kitu cha kugandishia aiskrimu na dawa ya meno. Ndiyo maana hujawahi kuuona mezani.

Utakapokuja, tuanzie soko la asubuhi, karibu na stesheni. Majira ya joto linafunguliwa saa kumi na moja alfajiri. Kuna tangi la ngisi walio hai: unalipa, unavua mwenyewe kwa ndoano, muuzaji anamkata nyuzi nyembamba mbele ya macho yako, unamla mbichi kwa tangawizi na sosi ya soya. Usikunje uso. Nyama yake ni tamu na inateleza, haina shombo hata kidogo. Bei tu ndiyo imepanda, kwa sababu miaka ya karibuni ngisi wamepungua sana baharini. Kuna pia bakuli la wali lililofunikwa mayai mekundu ya samaki na nyama ya wale wenye miiba ambao kwetu mtu akiwakanyaga mwambani analia. Hilo lina bei yake, lakini nitalipa mimi.

Rameni ya chumvi, yaani tambi ndani ya supu, ambayo mji unajivunia, tuiache. Supu yake mara nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe, na ukiitazama ilivyo safi na nyeupe huwezi kudhani. Uliza kwanza, kila mahali.

Ngome ya Goryokaku imejengwa kwa umbo la nyota, na hapo ndipo wafuasi wa mwisho wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani, walisalimu amri mwaka 1869. Ukiwa chini huoni nyota yoyote, unaona handaki la maji na miti. Bila kupanda mnara ulio pembeni ni bure. Mcheri huchanua mwishoni mwa Aprili, wiki nyingi baada ya Tokyo.

Mlima Hakodate ndio usiukose. Una mita 334 tu, na magari ya kamba yanakupandisha kwa dakika chache, magoti yako hayatalalamika. Twende kabla jua halijazama, kwa sababu giza likishaingia watu husongamana kwenye ukingo. Mji umebanwa katikati, bahari huku na bahari huku, na taa zinawaka mtaa baada ya mtaa. Msimu wa ngisi utaona na mashua zao mbali, zimewasha taa kali kuwavuta, kama wavuvi wetu wa dagaa usiku wa giza.

Nimekununulia pakiti ya kombu, nitampa mtu anayerudi Unguja. Kipande cha urefu wa kidole kinatosha sufuria ya mchuzi wa samaki; punguza chumvi. Na ukijibu, niambie mnunuzi ametoa shilingi ngapi kwa kilo safari hii.