Chapisheni msimbo, msidhoofishe ufunguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na waandishi wa programu za usimbaji fiche (za kuficha data isomwe na mwenye ufunguo tu) wanaoziogopa kanuni za Marekani za kupeleka programu hizo nje. Njia halali ipo tangu zamani, nayo ni kuuweka msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, hadharani. Anayepunguza nguvu za ufunguo ili apate kibali anajitia hasarani bure.

Hadi 1996 programu hizi zilihesabiwa pamoja na silaha, na toleo la kuuzwa nje kwa kawaida lilipewa ufunguo wa biti 40, mfupi na rahisi kuvunjwa. Zilipohamishiwa Wizara ya Biashara mwishoni mwa mwaka huo, kanuni hazikugusa kitabu kilichopigwa chapa. Ndipo 1997 msimbo wa PGP 5.0, programu ya kusimba barua pepe, ukachapwa: majuzuu 12, kurasa zaidi ya 6,000, yakavushwa hadi Ulaya na kuskaniwa. Sasa skana nayo ina udhaifu wake. Namba 1 huisoma herufi l, sifuri huifanya O, na nafasi tupu za mwisho wa mstari huzimeza kabisa. Kwa hiyo tabo (nafasi pana zisizoonekana) zilipewa alama ya kuonekana kwa macho, na kila mstari ukatanguliwa na tarakimu za kuhakiki. Herufi moja ikikosewa, hesabu inakataa, na mtu anaurekebisha mstari ule kwa mkono. Kazi ya kuchosha mno, lakini hakuna sheria iliyovunjwa.

Wengine waliandikia nje moja kwa moja: OpenBSD, mfumo endeshi, ilikaa Kanada; SSLeay, maktaba ya usimbaji, ikatoka Australia. Huko ilibidi Wamarekani wasiguse hata kiraka kimoja cha usimbaji.

Leo mzigo umepungua sana. Tangu Machi 2021, msimbo ulio wazi kwa umma unaotumia mbinu sanifu za usimbaji kama AES hauhitaji hata barua pepe ya taarifa. Ukibuni usimbaji wako usio sanifu, watumie BIS (ofisi ya Wizara ya Biashara inayosimamia kanuni hizi) na NSA (shirika la ujasusi la Marekani) anwani ya mtandaoni ulipo msimbo, na ukiuhamisha uwaarifu tena. Programu iliyojengwa kutokana na msimbo huo nayo huwa huru, mradi itolewe hadharani vilevile. Wengi hukwama hapa: wanachukua maktaba iliyo wazi, wanaifungia ndani ya bidhaa ya siri, halafu wanadhani uhuru ule umewafuata. Haukuwafuata. Bidhaa hiyo lazima iainishwe yenyewe chini ya kanuni za kupeleka nje.

Na wanaodhoofisha waangalie FREAK, dosari ya usalama wa tovuti iliyofichuliwa 2015. Funguo za biti 512 za RSA, mbinu mojawapo ya usimbaji, mabaki ya masharti ya miaka ya 1990, zilikutwa bado zinapokelewa na seva nyingi. Aliyejipenyeza katikati aliweza kuishusha seva na kivinjari hadi kiwango hicho, kisha akauvunja ufunguo kwa saa chache tu kwa kompyuta za kukodi. Wenye seva za zamani, fungueni orodha ya mbinu za usimbaji ya OpenSSL, maktaba inayotumiwa na seva nyingi. Kila jina linaloanza na EXP liondoeni leo.